Daftari la Tawi

Ukumbi tulinyimwa, tukapewa darasa la nne,
Maweni, ubaoni bado kuna hesabu za sehemu:
tatu juu ya nane, nane juu ya kitu kilichofutika.
Tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu,
wafua shuka, wapishi, watunza bustani, mabawabu wa hoteli
iliyofunga malango kabla Sabaki haijaigeuza bahari rangi ya chai.

Umeingia, Haluwa Ngumbao,
Katibu Mkuu wa shirikisho la nchi nzima,
na nyuma yako kijana wa kubeba simu zako mbili.
Tumesimama. Sikutaka kusimama.
Miguu ilinitangulia.

Nakukumbuka dobini, mvuke umetufunika,
wewe umeshika ncha mbili za shuka, mimi mbili,
tukikutana katikati kama watu wanaosalimiana
mara mia tatu kwa siku.
Hapo ndipo ulipoanza kunong'ona: ada, uanachama,
likizo ya uzazi si fadhila.
Shuka likikunjwa, neno limo ndani.
Meneja alinusa sabuni tu.

Sarafu tulizihesabu juu ya kitanda changu,
mwanangu kalala kando, moja ikambana shavuni,
asubuhi akaamka na duara la shilingi ishirini usoni.
Tukacheka: huyu naye kalipa ada.

Kisha ukapanda. Tawi, kaunti, taifa.
Tulikuchangia nauli ya mkutano mkuu, na kitenge,
Tsofa wa jikoni akakukaangia mihogo ya njiani.
Uliposhinda tulipiga vigelegele
kana kwamba ni sisi tuliopata ofisi yenye zulia.

Mwezi wa tatu nikakuona gazetini
(lilikuwa limefungiwa viazi karai, lina mafuta),
katikati ya waajiri wawili, unatabasamu, kalamu mkononi.
Nyongeza imesogezwa mbele miaka miwili.
Kwa maslahi mapana, liliandika gazeti.
Nikaupima upana huo kwa kiuno cha mwanangu.

Leo umehutubia. Umesema uchumi, umesema subira,
umesema mshikamano, wengine wakajibu "Daima!"
kwa sauti ya watu wanaoitikia dua wasiyoisikia vizuri.
Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa lile.
Swali ni moja, Katibu:
siku ile, wino ulikuwa wa nani?

Kijana wako akatazama saa.
Wewe ukafungua mkoba, ukatafuta sana,
ukatoa kalamu nyeusi yenye jina la kampuni kwa rangi ya dhahabu,
ukaiweka juu ya dawati langu.
"Wao," ukasema. "Nilisahau kuirudisha.
Walinionyesha orodha mbili, ya watakaobaki na ya watakaoondoka.
Nilidhani saini yangu itaiokoa ile ya kwanza."
Ukanyamaza.
"Na nilikuwa nimechoka, Mbeyu. Hilo halikuandikwa."

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyezomea.
Tsofa alikohoa, akaangalia dirishani,
mbuzi wa mwalimu mkuu alikuwa anakula bendera ya karatasi.

Basi nimeliandika mimi, mwandishi wa tawi,
kwa kalamu ileile, wino ni wino,
mwenye mkono ndiye mwenye neno.
Kikao kilifunguliwa saa tisa. Katibu Mkuu aliulizwa.
Alijibu. Alisema alichoka.

Jina lako sikuliweka juu peke yake.
Umeingia namba arobaini na saba,
baada ya Kahaso wa bustani, kabla ya bawabu wa usiku,
na mbele ya jina, kwenye safu ya ada,
deni la miezi kumi na tisa.

Umefungua tena mkoba.
Nakungoja, kiganja wazi.
Chenji sina.